Tutakubebea

Hirsi alipoegesha Probox yake mbele ya nyumba ya wageni mjini Garissa, Kagendo alikuwa ameshatoka kumngoja, begi mapajani, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa tayari tangu alfajiri. Msichana wa mapokezi alikuwa amesogeza meza ya chai bila kuambiwa, magurudumu yapite, kisha akajifanya anapangusa vumbi ili mgeni asione kwamba amemsumbua mtu. Kagendo aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Wewe ndiye mwalimu wa Ijara?" Hirsi aliuliza.

"Nilikuwa. Miaka thelathini na sita iliyopita."

"Basi mwalimu, niambie unavyoingia garini. Leo mimi ni mwanafunzi."

Watu wengi walianza kwa kunyoosha mikono. Huyu alianza kwa kuuliza. Kagendo alimwonyesha pa kufungia breki, akajisogeza mwenyewe kwa nguvu za mikono hadi kiti cha mbele. Hirsi alikunja kile cha magurudumu na kukilaza nyuma polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Walipoiacha lami, Kagendo hakuweza kunyamaza. Kila kitu alikitaja. Twiga watatu walivuka barabara bila haraka, naye akawapungia mkono.

"Unawajua?" Hirsi alimtania.

"Huyo mrefu nilimfundisha hesabu."

Kagendo alikuja huku mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka kwenye baridi ya Meru na sweta mbili ndani ya sanduku. Wiki ya kwanza joto lilimwangusha darasani. Alipozinduka alijikuta kwenye mkeka katika nyumba ya jirani, na wasichana wawili, Shamis na Maka, wamekaa huku na huku kama walinzi. Tangu siku hiyo wakawa watatu. Jioni aliwafundisha Kiswahili, nao wakamfundisha kukamua mbuzi. Maka alijifunza upesi. Shamis alijifunza kwa njia yake mwenyewe, na miaka saba haikutosha kumpatia herufi P. Kisha Kagendo akahamishwa, Maka akaolewa Elwak, mbali kule mpakani, na wote watatu hawakuwahi kukutana tena.

Wiki hii Maka alikuwa Ijara, kwa siku chache tu. Shamis alituma ujumbe wa sauti, na Kagendo alikuwa ameusikiliza mara nyingi mno. Sasa aliuweka tena sikioni.

"Kagendo, abayo, dada yangu, wewe njoo tu. Habana wasiwasi. Ukifika tutakubebea. Mimi na Maka, kama zamani."

Hapo ndipo furaha yake ilipojikwaa kila mara.

Mwalimu ndani yake alijua kwamba kumbebea mtu ni kumchukulia mzigo wake. Lakini Kiswahili cha Shamis kilikuwa na sheria zake, na "kama zamani" haikuacha shaka. Bila shaka hao wawili ndio waliombeba kutoka darasani siku ile. Sasa walitaka kumbeba tena.

Miaka miwili iliyopita, ugonjwa wa mgongo ulipokwisha kumnyang'anya miguu, alialikwa harusi nyumbani Nkubu. Palikuwa na ngazi. Wanaume wanne walimwinua kabla hajasema lolote. Kiatu kikaanguka, sketi ikapanda, na wageni mia mbili wakatazama pembeni kwa heshima. Alitabasamu mpaka mwisho wa harusi, akalia ndani ya gari. Tangu siku hiyo kila mwaliko aliujibu kwa udhuru. Huu peke yake ndio aliokubali, na alikubali kwa agano na nafsi yake: angeingia kwa Shamis kwa magurudumu yake, au angewasalimia dirishani na kurudi.

"Hirsi," alisema walipopita Masalani, "tukifika, mtu yeyote akija kuniinua, wewe washa gari."

Hirsi alimtazama kidogo. Hakuuliza kwa nini. "Sitazima kabisa," alisema.

Na kweli, walipofika Ijara alisimamisha gari kando ya njia, injini ikiendelea kunguruma. "Mwalimu, hapa ndipo. Nikiingiza gari kwenye huo mchanga, tutalala hapa mwezi."

Kutoka barabarani hadi nyumba ya Shamis zilikuwa hatua kama sitini, zote mchanga laini. Kagendo aliujua mchanga ule. Magurudumu madogo ya mbele yangezama hata kabla hajafika penye ua. Wanawake wawili wenye mabuibui walikuwa wanakuja mbio, mmoja akichechemea, na nyuma yao binti wa makamo. Aliwatambua kwa mwendo, kabla ya sura.

Kisha akaona jambo la ajabu. Nyumba ya Shamis haikuwa na mlango. Jiko pia. Hata nyumba ndogo ya pembeni ilikuwa wazi, pazia likicheza na upepo.

"Shamis," aliita kupitia dirishani, kabla hata ya salamu, "milango yako imeibwa?"

"Angalia chini, abayo."

Milango mitatu ya mabati na mbao ilikuwa imelazwa mchangani, mmoja baada ya mwingine, ikianzia pale pale gari liliposimama.

"Milango iko tatu tu," Shamis alisema. "Ukibita ya kwanza, Fosia binti yangu anaitoa nyuma, anaileta mbele. Bole bole, mbaka ndani."

Hirsi alizima injini.

Alishuka mwenyewe, akaketi kitini mwake, akapanda mlango wa kwanza. Bati likalia chini ya magurudumu. Maka alimwinamia, akamkumbatia kwa muda mrefu, kisha akarudi nyuma na kumkagua kuanzia kitambaa hadi viatu.

"Umekuja na kiti chako kabisa? Ulidhani kwa Shamis hakuna viti?"

"Niliogopa utakuwa umevikalia vyote. Umenenepa, Maka."

"Elwak kuna maziwa, mama."

Mlango wa pili, wa tatu, kisha ule wa kwanza tena. Fosia na Hirsi walishika pembe huku na huku, wakabeba, wakalaza, wakarudi. Jua lilikuwa kali, na jasho lilimtiririka Kagendo mgongoni, lakini hakuna aliyegusa kiti chake. Katikati ya njia alisimama kupumua.

"Shamis, lakini wewe ulisema mtanibeba."

"Mimi? Lini?"

Kagendo alitoa simu, akaufungulia ujumbe. Shamis aliisikiliza sauti yake mwenyewe kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hiyo nimesema fizuri. Tutakubebea." Akachomoa kipepeo cha ukili kutoka ndani ya buibui na kumpepea usoni, kwa nguvu, mpaka kitambaa kikasogea. "Hii. Kama zamani. Siku ile ulianguka tulikubebea mbaka alasiri, na majalada ya daftari zako."

"Na mkono wangu uliuma siku tatu," Maka alisema, akichomoa chake.

Kagendo alicheka mpaka bati likatetemeka chini yake. Aliyekuwa akiogopa kubebwa alikuwa amekuja kupepewa, na milango ndiyo iliyokuwa ikibebwa. Akashika magurudumu, akaendelea, upepo ukimpiga kutoka pande zote mbili. Safari ya hatua sitini ilichukua karibu nusu saa. Hakutaka iishe.

Alipokwisha kuingia na kupewa chai ya maziwa ya ngamia, Hirsi aliinua mlango wa mwisho na kuuliza aurudishe wapi.

"Weka chini hiyo," Shamis alimwambia. "Kesho anataka kutoka nje. Atatoka fibi?"

Kagendo, aliyeifundisha P kwa miaka saba, alikunywa chai yake na hakumsahihisha.