Sukari ya Mitchelle Haishuki

Khavere alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa miguu. Tangu Januari ameifunga sukari kabatini kwa kufuli. Amemkataza mwenye kibanda cha mandazi pale mtaa wa Tena asimuuzie mjukuu wake hata nusu. Amepekua mkoba wa shule mpaka mwenyewe akaona haya. Na bado kile kimashine cha kutoboa kidole na kupima sukari ya damu kilikuwa kinasema kumi na nane asubuhi, ishirini jioni, na haifai kupita kumi.

Sasa wameketi kliniki, yeye na mjukuu wake Mitchelle, mgonjwa wa kisukari, na daktari anawaonyesha picha ya jicho.

"Mama, hii mishipa midogo nyuma ya jicho imeanza kuvuja. Unaona hivi vitone?"

"Atapofuka?"

"Hapana, bado anaona vizuri. Ndiyo maana nawaambia mapema. Sukari ikikaa juu, kuta za mishipa zinalegea. Ikishuka polepole na kutulia, mwili unaweza kujitengeneza, vitone vikaisha. Lakini ikiendelea hivi, macho yataharibika, na figo pia. Tutapiga picha nyingine baada ya miezi sita."

"Daktari, huyu anakula sukari kwa siri," Khavere akasema. "Mimi nafunga, yeye anafungua. Sijui anatumia nini."

"Siibi, kukhu! Walai, nimekuambia mara ngapi?" Mitchelle, aliyemwita bibi yake kukhu, alikuwa na miaka kumi na sita, na macho yake yale yale ya vitone yalikuwa yamejaa machozi.

"Kama huibi, inatoka wapi? Inaingia na upepo?"

Daktari akaandika aongezewe insulini, akawatuma kwa muuguzi wa chumba cha pili. Huyo aliitwa Sista Ndinda, mwanamke mnene asiye na haraka.

"Nionyeshe vile unajidunga," akamwambia Mitchelle.

Mitchelle akainua blauzi. Hata hakutazama. Mkono ulikwenda wenyewe kando ya kitovu, upande wa kushoto, kama mtu anayewasha taa ya nyumbani kwake gizani. Sista Ndinda akaudaka.

"Ngoja. Hapa umedunga tangu lini?"

"Kitambo. Tangu darasa la nne."

"Kila siku hapa hapa?"

"Hapo haiumi."

Sista akabonyeza kwa vidole viwili, kisha akauchukua mkono wa Khavere akauweka pale. Chini ya ngozi palikuwa na donge, gumu kiasi, kama bonge la unga ndani ya ugali uliosongwa vibaya.

"Nyama imeota mafuta kwa kuchomwa pahali pamoja," Sista akasema. "Ndiyo maana hasikii uchungu. Na dawa ikiingia humo inakwama, kwa damu inafika ikipenda. Huyu mtoto anajidunga vizuri kila siku na ni kama hajidungi. Nani alimfundisha hapa?"

Khavere akauondoa mkono. Alikumbuka mwaka ule wa kwanza, Mitchelle akilia mpaka ploti nzima ya wapangaji inasikia, na yeye akitafuta kwa kidole, hapa inauma, hapa inauma, mpaka akapata pasipouma. Akasema, basi tushike hapa hapa, pamezoea. Hata kwa kina mama wa kanisa alijisifu kwamba mjukuu wake halii tena.

"Ni mimi," akasema. Halafu hasira ikampanda. "Lakini miaka saba tunakuja hapa! Mnatazama kitabu, mnatugombeza, mnaongeza dawa. Hakuna hata mmoja aliyemfunua tumbo!"

"Ni kweli, mama. Tulipaswa kumshika."

"Mlipaswa!"

Sista akamwambia Mitchelle awe akibadilisha mahali pa kudunga, kisha akawarudisha kwa daktari, naye akafuta alichoandika. Si kuongeza, akapunguza, maana kwenye nyama mpya dawa ingefika yote na sukari ingeanguka ghafla.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani, Mitchelle alijidunga paja. Akauma meno.

"Inauma?"

"Inauma vibaya." Akachomoa sindano. "Kukhu, uliniita mwizi mbele ya daktari."

"Nilikuita."

"Na mbele ya ploti nzima."

"Na ploti pia."

Khavere akajifunga leso, akafungua mlango. Wanawake watatu walikuwa wakianika nguo, na fundi mmoja akipiga mswaki.

"Nisikizeni!" akapaza sauti. "Mitchelle hakuiba sukari. Hata kijiko. Kosa lilikuwa langu, mimi Khavere!"

"Kukhu, tafadhali! Unaniaibisha, rudi ndani!"

"Nilikutukana kwa sauti, nijirudi kwa kunong'ona?"

Fundi akatoa mswaki mdomoni. "Tumesikia, mama."

"Wewe hukusikia vizuri, ulikuwa unasukutua," Khavere akamwambia, akaanza tena kutoka mwanzo, huku Mitchelle akimvuta leso kwa nyuma.