Kicheko cha Dirishani

…na kama asimame au aseme akiwa ameketi, hilo nalo hakuwa amelipanga, maneno yenyewe ameyapanga tangu wiki iliyopita, ameyapiga pasi kama nguo ya ibada, lakini miguu hakuiuliza, na sasa miguu ndiyo inayotetemeka chini ya kitenge, Eliane we, tulia, watu watadhani ni baridi, na kweli baridi ya Butembo ingemtetea, ukumbi huu wa parokia una sakafu ya saruji na ukungu wa asubuhi umegoma kuondoka kwenye vioo, hata wale wageni kutoka Kinshasa wameshika vikombe vya chai kwa mikono miwili, viti vimepangwa nusu duara na kipaza sauti kinatembea kiti hadi kiti, sasa kiko kwa Bénite, kisha zamu ya muuguzi Muyisa, kisha Mama Jokébed aliye hapa ubavuni, kisha yeye, na kikimfikia atasema hivi, atashukuru kwanza, shukrani haiunguzi mdomo, halafu atageuka amtazame Bénite usoni na kumwomba mbele ya kadamnasi, Mama Ésaïe, naomba mtoto aje kwangu likizo ya Pasaka, wiki moja tu, na mbele ya watu wote hawa atakataaje, mlangoni kwake kule Beni aliweza, mwaka ule Eliane alipopanda pikipiki kwenda huko, njia ambayo hata wenyeji wake wanaipita wakisali, na Bénite akatokea akasimama katikati ya mlango akasema mutoto analala, mchana kweupe, mtoto analala na huku sauti yake inasikika uani akifukuza bata, bata wanamjibu, na Eliane akasema haya, mwache alale, akamwambia mwenye pikipiki turudi… lakini hapa hakuna mlango wa kusimama katikati yake, hapa kuna Apollinaire, kijana msafi mwenye miwani anayeongoza mkutano, aliyewaambia asubuhi, "Ba mama, ba papa, musiogope. Tunataka kujua kile kilienda muzuri na kile kilienda mubaya wakati ya Ebola, sababu ugonjwa ikirudia, tusianze tena ku zéro," akabandika ukutani karatasi ya kijani kwa mazuri na nyekundu kwa mabaya, na kreshi, ile nyumba ya kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kreshi ilikwisha kuandikwa kwenye kijani kabla mtu hajafungua mdomo, na hilo lilimpendeza Eliane, kwa nini lisimpendeze, ni yeye huyo, ni kazi yake, ni mgongo wake ule uliobandikwa pale ukutani.

Wiki moja tu, si jambo kubwa, amwone anavyokula, amwone anavyolala, nyumba yake ya Rughenda iko karibu na uwanja wa ndege, mtoto wa kiume atapenda kuona ndege zikishuka, maana siku hizi ndege hizo ndizo wageni wake, zinapita juu ya bati, zinatikisa masufuria, zinakwenda, mtu mwingine hapigi hodi, Syauswa mumewe aliondoka mara tu yeye alipotoka kwenye matibabu, hakusema naondoka, alisema naenda Kanyabayonga kutafuta maharagwe, maharagwe gani hayo yasiyoiva miaka yote hii, na sasa vita imeikata njia, imempa bwana sababu nzuri kuliko zote, na kanisani wanawake wa kwaya wanamwita mshindi, mushindi wa Ebola, wanamsifu kweli, na kwenye benchi wanamwachia nafasi ya kukaa watu wawili, heshima hiyo, ukishinda sana unakaa peke yako… "Donc mimi ile wakati," anasema Bénite, na sauti inakatika kila jenereta linapokohoa nje, "nilikuwa mu kale kachumba ka plastiki," ndiyo, kale kachumba, Eliane anakajua, naye alilala humo kabla yake, kuta za plastiki unazoonea nje kama dirishani, waganga wanaingiza mikono kwenye mikono ya mpira iliyoshonwa ukutani, yeye aliingia humo na mimba kubwa na akatoka bila mimba, watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, lakini waliotunga hilo hawakupita pale, alitoka mwembamba kama ufagio, akawakuta wanatafuta wanawake waliopona, kwa sababu aliyepona ugonjwa haumrudii upesi, anaweza kumshika mtoto kwa ngozi yake mwenyewe, wengine wote wanamshika kwa glavu na barakoa, na mtoto wa miezi tisa anajua nini kuhusu barakoa, anaona macho bila mdomo, analia mpaka anatapika, wakamwekea mikononi Ésaïe, hajaambukizwa lakini lazima achungwe wiki kadhaa, na Ésaïe akamshika mdomo, akauvuta, akataka kujua kama ni mdomo kweli. Siku ile maziwa yalimtoka Eliane, yeye asiyekuwa na mtoto, yakalowesha blauzi, na walikwisha kumkataza, maziwa ya aliyepona huenda bado yana ugonjwa ndani, akajifunga kifua kwa kipande cha kitenge akakaza, akampa mtoto chupa, akamwimbia, na maumivu yake hakumwambia mtu.

"Bale ba mama benye balipona," anasema Bénite, "njo balikuwa nabeba batoto betu," na moyo wa Eliane unaruka, anatajwa, atashukuriwa, ingawa Bénite hamtazami, anakitazama kipaza sauti, na Mama Jokébed anamgusa Eliane kwa kiwiko, "Unasikia? Weye njo banasema," anamnong'oneza, ndiyo mama, nasikia, "kila siku balikuwa nabaleta ku dirisha, banatuonyesha," kila siku, ni kweli, hata siku za mvua, hata wiki ile risasi zilipolia na wahudumu wengine wakakimbia, Eliane alimvalisha Ésaïe kofia akampeleka, maana mshauri wa wagonjwa alikuwa amewaagiza, mwonyesheni mama mtoto mwenye furaha, apate nguvu ya kupigana, na hapo Eliane hakuwa na mpinzani, alijua pa kumtekenya, chini ya kidevu, alijua wimbo, alijua kumrusha kidogo na kumdaka, na Ésaïe anacheka mpaka anapata kwikwi, anacheka mbele ya plastiki na mama yake amelala upande wa pili, tazama, Mama Ésaïe, tazama mwanao, na siku nyingine Bénite alikuwa akiinua kidole, siku nyingine alikuwa akigeukia ukuta, homa, waliambiwa ni homa, na Eliane alikuwa akiongeza bidii, akimrusha juu zaidi, ili kile kicheko kipenye… "mi nalala pale, maziwa inanivuja, naona kama nakufa," anasema Bénite, "na mutoto wangu anacheka. Anacheka na mwanamuke mwengine." Jenereta linakohoa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii Eliane anaomba lizimike kabisa, "nikasema, Nyamuhanga wangu, Mungu wangu, alie. Alie hata kidogo. Kama analia, nitajua angali wangu." Mgeni mmoja ameweka kikombe chini. Mama Jokébed ameondoa kiwiko. "Nilikuwa nageukia ukuta. Banganga banasema, ah, ni homa. Haikukuwa homa."

Wewe, wewe mwanamke, damu inampanda Eliane masikioni, nilikulelea, nilijifunga kifua changu kwa ajili ya mwanao, risasi zinalia nakuja dirishani, na hiyo ndiyo shukrani, afadhali ningembembeleza paka, na Apollinaire amesimama katikati ya ukumbi na kalamu mkononi, anaangalia karatasi ya kijani, anaangalia nyekundu, hajui akimbilie ipi, maskini, shule aliyosoma haikumwambia kwamba kitu kimoja kinaweza kwenda pande zote mbili, "Mama Bénite," anasema taratibu, "unataka kusema ba mama bale balikukosea?" na Bénite anatikisa kichwa, "Hapana. Hapana, hakuna mwenye alinikosea. Balifanya vile balitumwa. Mais siku nilitoka, nikanyoosha mikono, mutoto akalia. Akashika kitenge ya ule mama, akakaza. Mi namuona angali amekaza. Ule mama akikuja kwangu, mulango inajifunga yenyewe. Na mpaka leo, Ésaïe akicheka sana, miye naogopa," na hapo kipaza sauti kinamshuka mapajani, kinakwaruza nguo, ukumbi mzima unasikia nguo ya Bénite ikikwaruza.

Kitenge. Kumbe naye anacho hicho kitenge. Eliane alidhani ni chake peke yake, ndicho alichobaki nacho, siku zote akizima redio na nyumba ikawa kimya hujirudishia pale, vidole vile vidogo vilivyong'ang'ania kitenge chake na wahudumu wakivitoa kimoja kimoja, amemsimulia Mama Jokébed, amewasimulia wanawake wa kwaya kutoka mwisho ule mwingine wa benchi, alinililia mimi, mtoto alinililia mimi, duniani kuna mtu mmoja aliyewahi kunililia, na wao wakasema pole, wakasema Mungu anajua, na akaishi kwa hilo, watu wengine wanaishi kwa kidogo kuliko hicho… lakini tangu Bénite aseme alie, alie hata kidogo, hicho kidogo kimeanza kumponyoka Eliane, kwa sababu alikuwa analia, Mama Ésaïe, Mungu ni shahidi alikuwa analia, si dirishani, dirishani hakupewa nafasi, ni baadaye, wakigeuka tu, wakipita ile kona ya hema na plastiki isionekane tena, alikuwa akijinyoosha juu ya bega la Eliane na mikono miwili kule walikotoka, mwili mzima ukikakamaa, akilia kilio kisichofanana na cha njaa wala cha usingizi, kila siku, kila walipotoka dirishani, na Eliane akizunguka naye nyuma ya matangi ya maji, akimwimbia ule wimbo wenye kumchekesha na hacheki, akimpa chupa na anaipiga teke, mpaka anachoka mwenyewe, anabaki na ile kwikwi fupi fupi ya kilio, na wakirudi ndani muuguzi anauliza, mutoto iko aje, naye anajibu iko muzuri, kwa sababu mama wakisikia watoto wanalia watatoroka matibabu, ndivyo walivyoambiwa, na kwa sababu nyingine ambayo hakuambiwa na mtu, ni yake mwenyewe, kwamba akisema mtoto analia ingekuwa ni kusema analilia nani.

Na ile siku ya kitenge pia, simulia yote basi, Eliane, leo ni siku ya kusimulia, vidole vikatolewa, mtoto akapiga kelele, Bénite akampokea, amekonda hata mwanaye asingemjua kwa macho, wakaelekea kwenye gari, na kabla gari halijafika getini Ésaïe akaingiza pua shingoni mwa mama yake, pale chini ya sikio, akanusa, akatulia, kimya, kama mtu aliyefika, na Bénite hakujua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa analia kwa sauti, dereva alikuwa anapiga honi, hakuna aliyeona ila Eliane aliyesimama pale na mikono mitupu, aliona, aliona vizuri sana, na habari ya kitenge akaisimulia Butembo nzima na habari ya shingo hakumsimulia mtu, hata nafsi yake aliificha, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, yeye alijua wa mlezi tu, nao ulikuwa mwingi, ulikuwa wa kweli, lakini mtoto hakuwa amechanganya, wale wakubwa wote ndio waliochanganya.

Basi asipomwambia yeye, nani atamwambia, waganga hawajui, Apollinaire hajui, Ésaïe mwenyewe hakumbuki, amebaki Eliane peke yake duniani mwenye kulijua jambo hilo, na akimpa Bénite habari ile hatabakiwa na kitu, atarudi Rughenda na nyumba itakuwa kimya na hatakuwa na kilio cha mtu cha kujirudishia, na habari ya Pasaka huwezi kuiunga hapo, ukiiunga itakuwa biashara, nipe nikupe, la, aombe mtoto siku nyingine au asiombe kabisa… inamuuma, Nyamuhanga, inamuuma palepale alipokuwa akijifunga kile kitambaa. Muuguzi Muyisa amenyoosha mkono apokee kipaza sauti lakini Bénite hajakiachia, amekishika mapajani, anaangalia sakafu, Apollinaire bado yuko katikati ya ukumbi, hakuna aliyeandika neno, na Eliane anajaribu sentensi kimoyomoyo, mara ya kwanza inamkataa, ya pili inavunjika katikati, anaanza tena polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kusema, Mama Ésaïe, alikuwa analia, kila siku, tukitoka pale dirishani, alikuwa anakulilia weye, miye sikumutosha.