Mstari wa Alois

Katika historia ya jengo lile la ghorofa ishirini na mbili, mwanangu alipewa mstari mmoja. Historia yenyewe iko ukutani, kwenye ukumbi wa mapokezi, kwa herufi za shaba: jinsi misafara ya Tabora ilivyotua pembe za ndovu kwenye ufukwe wa Bagamoyo, jinsi mwekezaji alivyopapenda mahali hapo, jinsi nyumba zote zilivyopata wanunuzi kabla msingi haujakauka. Ndiyo, ni nyumba za kununua. Mwenyewe asipokuwepo, hupangishwa kama vyumba vya hoteli. Kabla ya shukrani waliandika: "Mwaka 2022 fundi mmoja alifariki kwa uzembe wake mwenyewe."

Jina hawakuweka. Aliitwa Alois.

Alikuwa fundi wa kufunga nondo. Siku tisa kabla hajafa alinipigia simu nikiwa kazini, kwenye ghala la tumbaku.

"Mama, kamba ya winchi inayotupandisha imeanza kuchanika nyuzi. Nimemwambia Yahaya mara mbili."

"Mwambie mara ya tatu, halafu usipande."

"Asiyepanda anafungishwa virago."

"Fungasha, uje."

Akacheka. Mimi nina diploma ya ununuzi na ugavi. Najua kamba ya chuma ina umri wake. Ile ilikatika yeye akiwa ghorofa ya kumi na saba.

Yahaya, msimamizi wao, ndiye aliyeuleta mwili Tabora. Ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo mpaka kwao. Msibani mtani ana haki zake. Ataingia kaburini, atamtukana marehemu, atazuia maziko mpaka akombolewe kwa chochote. Wewe unatakiwa umjibu kwa ukali kuliko wake. Ukinuna, umeuaibisha ukoo.

Nilikuwa nimepanga kumuuliza habari ya kamba tukishazika. Hakunipa nafasi. Jeneza lilipofika makaburini, yeye alikuwa ameshalala shimoni, viatu miguuni, mikono chini ya kisogo.

"Shimo zuri hili, nalichukua mimi! Huyo Mnyamwezi mtieni kwenye mzinga, mkamtundike juu ya mti na nyuki wenzake!"

Watu wakaanza kucheka, hata waliokuwa wakilia.

"Toka humo, mla nazi!" shangazi yake Alois, Apolinaria, akamjibu.

"Sitoki! Mtu mwenyewe mlevi. Siku ile alidhani ghorofa ya kumi na saba ni kizingiti cha kwa mama yake!"

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye mwenye ulimi katika ukoo ule. Kwenye misiba ya wengine huwa naitwa. Nikasogea ukingoni.

"Mlevi kweli! Na mwalimu wake ni nani kama si nyinyi na mnazi wenu? Angeishikaje kamba kwa mikono miwili, na mmoja umeshika kibuyu ulichompa wewe?"

Makaburi yote yalilipuka kwa kicheko. Nilicheka na mimi. Ndiyo kazi ya mtani, kukupokea kilio chako kwa dakika mbili tatu ili upumue, na Mungu anisamehe, nilipumua. Apolinaria akamrushia sarafu, naye Yahaya akatoka akijipangusa udongo. Tukazika. Mwenzake aliyekuja naye alikuwa amesimama upande wa pili, simu ameinyoosha mbele. Sikumjali. Siku hizi misiba yote inarekodiwa.

Miezi minne baadaye niliitwa Bagamoyo kwenye uchunguzi. Mchunguzi, Godbless, mtu wa Rombo, aliweka simu mezani akaiwasha.

"Huyu ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Unasema marehemu alikuwa mlevi, na mkono mmoja ulishika kibuyu."

"Huo ni utani. Huyo ni mtani wangu. Muulize mwenyewe, amekaa hapo."

Yahaya alikuwa akitazama kucha zake. "Mama Alois ndiye aliyemzaa," akasema taratibu. "Mimi nitamjua mwanawe kuliko yeye?"

"Kamba ilikuwa imechanika! Alikuambia mara mbili!"

"Una ushahidi?" Godbless akauliza.

Aliniambia kwa mdomo tu, na simu yake ilivunjika pamoja naye. Godbless akafunga faili. "Kwetu," akasema, "mama hachekei maiti ya mwanawe."

Mstari ule wa ukutani ulitoka kwenye faili hilo. Nilitumiwa picha yake kabla ya uzinduzi wa jengo. Nikapanda basi kwenda uzinduzini kudai jambo moja tu, ufutwe na kiandikwe kilichomuua. Mlinzi alinizuia getini, lakini Yahaya, ambaye sasa ni meneja, akapaza sauti mbele ya wageni: "Mwacheni apite! Huyo mtani wangu, kaja kutafuta mzigo wa kubeba!"

Wageni wakacheka. Kumbe walikuwa tayari kwa mambo hayo. Kulikuwa na kundi la ngoma kutoka Sikonge, wamevalishwa kaniki kama wapagazi wa zamani, wamebeba pembe za plasta.

Nikasema moyoni, vizuri, kama ni mtani, basi na mimi nina haki zangu. Nikaenda kwenye lifti, mlango ulipofunguka nikajilaza kizingitini.

"Hapandi mtu! Mpaka mnikomboe!"

"Unataka nini, Mnyamwezi?" Yahaya akauliza, uso wote tabasamu.

"Ule mstari! Futa! Andika kamba ilikuwa imechanika, na wewe ulijua!"

"Jamani, mtani kakamia leo! Mkomboeni!"

Noti zikaanza kuniangukia kifuani. Mlango wa lifti ulikuja ukanigonga nyonga, ukarudi, ukaja tena. Kila uliponigonga walicheka. Nilipiga kelele kwamba si utani, kwamba mwanangu amekufa, kwamba anaitwa Alois. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kushangilia. Mama mmoja mwenye miwani ya jua alifuta machozi, akamwambia mumewe, "Anajua kuigiza huyu!"

Yahaya akawapungia wachezaji. "Wapagazi! Mzigo huo!"

Walinibeba wanne, juu kwa juu, mabegani, wakiimba wimbo wa safari ambao marehemu babu alikuwa akiuimba akikoka moto. Kiongozi wao, Limbu, alinisogezea mdomo sikioni wenzake wakiitikia.

"Mama, tusamehe. Tumelipwa mpaka saa kumi."

Wakanishusha nje ya geti, kwa upole kabisa. Mmoja akaniletea kiatu changu.

Wiki tatu baadaye Limbu, aliyeichukua namba yangu pale getini, alinitumia picha kwenye simu. Ukuta umepangwa upya. Katikati wameweka picha kubwa ya wapagazi wanne na mwanamke mabegani, mdomo wazi. Nilikuwa naita jina la mwanangu, lakini ukiitazama, nacheka. Chini yake wameandika: "Furaha ya watani, siku ya uzinduzi."

Mstari wa Alois wameufuta. Picha ilihitaji nafasi.