Baba Alionja Tu

Baba yangu alikuwa mnene, tena mnene kweli. Sitapamba. Alipikia harusi na misiba tangu ujana, na alipokaribia miaka sabini magoti yaligoma. Akawa anapikia kwenye kiti. Mimi na dada yangu ndio tulikuwa miguu yake: yeye anaamuru, sisi tunakoroga.

Daktari wa mifupa alikataa kumpasua magoti. "Punguza uzito kwanza, mzee." Baba akajaribu, akashindwa, akanuna. Ndipo Mama akasikia kuna daktari anayepunguza tumbo bila kisu. Bomba jembamba linapitishwa mdomoni, tumbo linashonwa kwa ndani, linabaki dogo.

"Yaani nishonwe kama gunia?" Baba akauliza.

"Gunia angalau husimama likiegemezwa," Mama akamjibu. "Mimi nataka mume anayetembea."

Baba alicheka mpaka kiti kikalia. Akakubali. Alitaka kitu kimoja tu, asimame tena mbele ya jiko lake.

Daktari wa tumbo, binti mwenye sauti ya upole, alimwambia asile chochote tangu jioni ya kuamkia siku ya kushonwa. Baba hakula. Alilalamika njaa mpaka Mama akahamia chumba kingine. Lakini asubuhi tulikuwa na sufuria za harusi, na kwetu sufuria haitoki mpaka Baba aonje. Dada akampelekea mwiko wakati anavaa viatu, kama siku zote. Mchuzi, wali, kipande cha nyama, kingine tena ajue kama imeiva. Akasema chumvi imepungua. Dada akaongeza, akarudi, Baba akaonja upya. Hakuna aliyeshtuka. Tukapakia chakula, tukampeleka hospitali.

"Umekula, baba?" daktari akamuuliza.

"Sijala, binti yangu. Nasikia kizunguzungu."

Hakudanganya. Kwa mpishi, kuonja si kula.

Wakampa dawa ya usingizi. Kilichokuwa tumboni kikapanda, kikashukia mapafuni.

Daktari alitoka uso umemshuka. "Alikula nini asubuhi?"

"Hajala!" Mama akasema. "Nimelala nikimsikia akilia njaa!"

"Alionja tu," dada akasema. Kisha akatambua alichosema, akakaa sakafuni palepale, mbele za watu.

Baba alirudi nyumbani hai, lakini mapafu yameharibika. Walisema dawa ya usingizi hawezi kupewa tena. Maana yake tumbo halishonwi, na magoti hayapasuliwi. Tukamletea kiti cha magurudumu. Hakikupita mlango wa jikoni.

"Nitabomoa huu ukuta," nikamwambia.

"Acha, mwanangu. Ukuta haujamkosea mtu."

"Ni kazi ya nusu siku, Baba."

"Halafu nikiingia nifanye nini? Niwatumbulie macho?" Pumzi ikamkatika. Tukasubiri irudi. "Nigeuze. Nataka kuona barabara."

Dada alikuwa ndani anamenya vitunguu. Alisikia kila neno, hakutoka.

Nilibomoa hivyohivyo. Mlango sasa unapitisha hata kabati. Kila asubuhi Mama anamsukuma Baba, anafika pale, anapunguza mwendo makusudi, anakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi.

"Leo je, baba watoto?"

"Twende nje," Baba anasema.

Wanakwenda nje.