Viti Vilivyorudi Mpakani

Mchana wa Krismasi ya mwaka 1948, Nyanchera alikuwa jikoni kwa Mzee Onsongo, huko Manga, akimenya ndizi za kupika. Alikuwa amekuja kumsaidia Bosibori, mke wa mzee, kwa sababu walikaa benchi moja kanisani, na pia kwa sababu Mzee Onsongo ndiye aliyekuwa mkubwa wa baraza, na kesi ya Nyanchera ilikuwa isikizwe mwezi wa pili. Alimaliza mikungu miwili, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na muda wote huo aliwatazama wazee kupitia mlangoni.

Walikuwa watatu: Onsongo mwenyewe, Jethro aliyekuwa mzee wa kanisa la Sabato, na Ondieki Mkatoliki. Siku za baraza waliamua kesi. Siku nyingine, alasiri, walichonga miti. Hawakuwa mafundi, maana fundi huchonga apate kulisha watoto. Wao walichonga kwa kuburudisha mikono, tena walichonga vibaya. Jethro alikuwa amechonga miiko sabini, na hata mmoja haukushika mchuzi. Kila Krismasi walikutana uani kwa Onsongo kungoja zawadi, na kilima kizima kilijua zawadi inayowafurahisha ni gogo zuri. Sheria yao ilikuwa moja tu: anayepewa mti haulizi ulikatwa wapi. Walisema mti ni kama mke, ukishaingia kwako habari za kwao zimekwisha.

Saa nane Ombui akaingia uani na ng'ombe wawili wakikokota vipande vitatu vya gogo jeupe.

Ombui alikuwa mdogo wake Nyamongo, marehemu mume wa Nyanchera. Nyamongo alipokufa kwa homa, miaka miwili nyuma, Ombui alitaka kumrithi mjane kama ilivyokuwa desturi. Nyanchera akasema yeye alifunga ndoa kanisani na harithiwi kama jembe. Basi Ombui akaliacha neno la mke, akashika la shamba. Nyanchera hakuwa na mtoto wa kiume, ila binti mmoja, Nyamoita, aliyeolewa Tabaka. Ombui alisema shamba lake linafika kijitoni. Nyanchera alisema linakomea kwenye mti, ule omotembe wa maua mekundu ambao Nyamongo aliupanda mwaka wa nzige, baba yao akiwa amesimama hapo hapo na fimbo yake. Kati ya mti na kijito ndipo palipokuwa na nyumba ya Nyanchera, wimbi lake, na kaburi la mumewe. Mti ukikubaliwa, ana kwake. Usipokubaliwa, hana.

Wiki hiyo yote alikuwa Tabaka, kwa kuwa Nyamoita alikuwa amejifungua, na alikuja Manga kabla ya kupita nyumbani. Sasa alitoka jikoni na kisu mkononi, akalitazama gogo. Kipande cha katikati kilikuwa na kovu la kuzunguka, pale fahali wa Nyamongo alipofungwa kamba miaka kumi.

"Shemeji," akasema, "huu ni mti wangu."

"Wacha we!" akasema Ombui. "Umeandikwa jina? Basi tusomee, wewe uliyesoma misheni."

Wazee wakacheka. Nyanchera hakucheka.

"Mzee Onsongo, tazama hilo kovu. Huo ndio ushahidi wangu wa mwezi wa pili."

Onsongo akapitisha kiganja juu ya kovu taratibu, kama mtu anayepapasa ndama. Ulikuwa mti laini, wa kusamehe makosa ya mkono. "Mama Nyamoita, leo ni Krismasi," akasema. "Zawadi haiulizwi shina."

"Na mwezi wa pili?"

"Mwezi wa pili tutakuja utuonyeshe mpaka. Ukiwa na mti, utatuonyesha mti."

"Watu wa zamani walikula kiapo chini ya omotembe," akasema Nyanchera. "Aliyeapa uongo hakufikia mavuno."

"Hizo zilikuwa siku za giza, mama," akasema Jethro kwa upole, huku akichagua kipande chake.

"Nyanchera, ndizi zinaungua!" akaita Bosibori. Ndizi zilikuwa bado hazijabandikwa.

Jioni alifika kwake akakuta hata kisiki kimeng'olewa. Shimo lilikuwa limefukiwa na juu yake pamepandwa marando ya viazi vitamu, tena yamenyweshewa maji. Nyanchera alisimama hapo kitambo, akaomba, akaenda kufungia kuku.

Kufikia katikati ya Januari wazee walikuwa wamechonga viti vitatu vya miguu mitatu mitatu, wakavisugua kwa majani makavu ya msasa hadi vikang'aa. Vilikuwa vitu vya kwanza vizuri kutoka mikononi mwao. Watu walikuja kuvitazama na kuvisifu.

Jumatatu iliyofuata, saa tisa alasiri, Mzee Onsongo aliinuka kwenda kunawa mikono, na kiti chake kikatoka uani kikashika njia. Kiti cha Jethro kilitokea upande wa juu. Kwenye njia panda vilisimama kungoja cha Ondieki, ambacho kilikuwa kinatoka mbali, kisha vikateremka pamoja, vikichechemea kidogo kwa sababu ya ile miguu mitatu. Wanawake waliokuwa wanapanda na kuni walisogea pembeni kuvipisha. Mwenye baiskeli mmoja alivipigia kengele, vikasogea pembeni kumpisha yeye.

Nyanchera alikuwa akipalilia. Viliingia kwenye viazi, vikasimama pale palipokuwa na shimo, vimebanana kama shina moja.

"Karibuni," akasema.

Hakuketi, maana mwanamke hakalii kiti cha mzee. Alikitazama tu kile chenye kovu, ambacho kilikuwa cha Jethro, akaendelea kupalilia.

Asubuhi kila mzee alituma mtu akachukue chake. Vilikuwa vimelowa umande. Saa tisa vikarudi tena. Ikawa hivyo kila siku, isipokuwa kiti cha Jethro hakikutembea Jumamosi, na cha Ondieki hakikutembea Jumapili. Cha Mzee Onsongo, ambaye kanisani alionekana kwenye mazishi tu, kilitembea siku zote saba. Baada ya wiki watu walizoea, na mama mmoja wa njia panda alivitumia kujua saa ya kubandika chungu motoni.

Nyanchera alishukuru. Aliona Mungu amempa mashahidi watatu, na watatu wanatosha mbele ya baraza lolote. Alifua gauni lake jeupe, akalipiga pasi ya makaa, akahesabu siku.

Siku ya kesi, baraza lilikuja lenyewe shambani, wazee watatu na karani wao. Walikuja saa tisa na nusu, wakavikuta viti vimekwisha kufika.

"Afadhali," akasema Ondieki. "Leo hakuna wa kunibebea."

Wakaketi. Nyanchera akasimama mbele yao na gauni lake jeupe.

"Wazee wangu," akasema, "mimi sina maneno mengi. Mmeukalia ushahidi wangu."

"Tumekalia viti vyetu," akasema Onsongo.

"Vinakuja hapa kila siku, hakuna aliyevituma. Vinajua vilikoota."

Ombui akainuka. "Wazee, kuku wangu wote hulala kwa huyu mama, hakuna aliyewatuma. Je, nyumba ni ya kuku?"

Watu wakaangua kicheko, hata karani akacheka. Ombui akapangusa mdomo, akaketi.

"Mama," akasema Jethro, "kiti hakina ulimi. Kingekuwa nao, tungekiapisha."

Wakati akisema hayo, kiti chake kilikuwa kimeanza kuchipua. Chipukizi lilitokea penye kovu, likatoa majani matatu, kisha ua jekundu, karibu na paja lake. Mwiba ukamchoma. Jethro alisogea kidogo upande wa pili na kukunja koti lake. Viti vya wenzake navyo vikachipua. Ondieki alivunja kitawi akakitumia kufukuzia inzi.

Mzee Onsongo alitazama kulia, akatazama kushoto, kwa uangalifu, kama mtu aliyeogopa kudhulumu.

"Mama Nyamoita, ulisema mpaka ni mti. Je, kuna mti hapa?"

Nyanchera akatazama. Marando ya viazi yalikuwepo, na viti vitatu, na wanaume watatu juu yake.

"Umo chini yenu," akasema.

"Nimeuliza kama upo mti."

Nyanchera hakuwa mtu wa kusema uongo. "Hakuna," akajibu.

Karani akachovya kalamu. "Mzee, niandike habari za viti?"

"Andika wazee waliketi," akasema Onsongo.

Ikaamuliwa kuwa mpaka ni kijito. Nyanchera aliruhusiwa kuvuna wimbi lililokwisha kuiva. Kaburi lilibaki mahali pake, upande wa Ombui. Nyumba nayo ilibaki, na kabla ya Pasaka mke mdogo wa Ombui alikuwa amehamia humo na kupiga lipu upya. Nyanchera alipelekwa kwenye kibanda cha mbuzi. Mbuzi hawakutolewa.

Viti havikuacha kuja. Lakini wazee walichoka kutuma watu kila asubuhi, na Ombui alikuwa mtu wa kuheshimu wazee, kwa hiyo akasema Nyanchera atavirudisha, kwa kuwa njia anaijua na hana shamba la kumchelewesha. Alibeba kimoja kichwani na viwili mgongoni kwa kamba. Alipanda Manga, akagawa kila kimoja kwa mwenyewe, akapangusa umande kwa kitambaa, akaambiwa asante. Akianza kuteremka saa tisa, vilimfikia njiani, vikapunguza mwendo. Watu walizoea kuwaona wanne hao pamoja.

Kazi yake nyingine ilikuwa kukata machipukizi, ili wazee wasichomwe. Omotembe haubagui udongo. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini, hata kichwa chini, litaota. Kila jioni Nyanchera alipogoa viti vitatu, akashika mkononi vijiti ishirini, pengine thelathini, vyenye utomvu mbichi.

Alivipeleka jikoni, katika nyumba iliyokuwa yake, akavitia motoni. Vilikuwa vibichi, vikatoa moshi mwingi. Mke mdogo wa Ombui alimwambia macho yanamwasha, akamwomba atoke nje na aufunge mlango.