Mhimili wa Upande wa Nne

Programu ya takwimu aliyoitumia Valary ilikuwa na kiherehere. Ukiiambia ichore, inachora kila kitu, mstari na mihimili na namba zake, mfano wa mwenyeji anayekupakulia chakula kabla hajakuuliza unakula nini. Ukitaka mambo yako, huna budi kuizuia kwanza: acha mihimili, nitaiweka mwenyewe. Kisha unaiweka mmoja mmoja kwa namba ya upande. Chini ni moja, kushoto ni mbili, juu ni tatu, kulia ni nne. Unasema alama zikae wapi na kila alama iandikwe nini. Hapo ndipo Valary alipoona raha, maana programu haijali unaandika nini. Iandikie mita, itaweka mita. Iandikie siri yako, itaiweka vilevile, tena kwa herufi zilizonyooka.

Kila asubuhi alichora grafu ya kina cha Mto Tana katika ofisi ya vyumba viwili pale Garsen, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mradi wa tahadhari za mafuriko. Kundini walikuwamo machifu, wakulima wa kando ya mto, wafugaji, na wafanyabiashara hadi Kipini. Chini ya grafu aliweka siku, kushoto akaweka mita. Upande wa nne ulikuwa wake peke yake. Aliuchora mhimili wake wa kulia, akautazama kwa muda, kisha akaunyamazisha kwa kutia alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari wa amri yake. Mstari uliotiwa alama hiyo, programu huupita kana kwamba haukuandikwa. Baada ya hapo ndipo alipotuma.

Mhimili huo wa kulia ulimhusu mtu mmoja. Juu ya mita nne aliandika "Asije". Kati ya tatu na nne aliandika "Avue viatu". Chini ya tatu aliandika "Aje".

Mtu mwenyewe alikuwa Jotham, mpimaji wa mto kule Nanighi. Kila kulipokucha alishuka ukingoni, akasoma ubao wa kipimo uliosimikwa majini, akamtumia Valary namba. Mto ukizidi mita nne huko kwake, barabara ya kuja Garsen hukatika na hakuna cha kufanya. Ukiwa kati, mtu anapita, ila sehemu mbovu anazivuka kwa miguu, suruali imekunjwa na viatu viko mkononi. Ukishuka chini ya tatu, mtu anakuja na viatu vyake vya Jumapili.

Zamani namba hizo zilikuja na maneno. "3.20. Umeamkaje?" Au: "4.00. Kiboko kalala kwenye mpunga wa mama, ameamshwa kwa masufuria, hataki." Valary alicheka peke yake ofisini mpaka watu wakamuuliza kulikoni. Lakini tangu mwaka juzi namba zilikuja kavu. "3.20." Basi. Hata hivyo alizisoma mara nyingi kuliko zilivyohitaji kusomwa. Ni jambo la kutia huruma, mtu mzima kutafuta salamu ndani ya desimali, lakini ndivyo alivyokuwa.

Na chanzo kilikuwa ulimi wake mwenyewe. Jotham alikuwa amekuja Garsen kwa mafunzo, wakala samaki meza moja juma zima, na siku ya kuondoka, wakiwa wamesimama karibu na daraja, alimuuliza kama angeweza kuja kwao na wazee wake. Valary alimpenda. Alimpenda mpaka maneno yakampotea, na yaliyomtoka yakawa, "Ngoja maji yashuke kwanza."

Maskini Valary, alisema kweli tupu. Ilikuwa masika, shamba la mama yake lilikuwa limefunikwa, na nyumbani hapakuwa na mahali pakavu pa kuwaketisha wageni. Ila kando ya mto huu maneno hayo yana kazi nyingine. Ukiombwa jembe usilotaka kuliazima, unamwambia mtu angoje maji yashuke. Ukialikwa mahali usipotaka kwenda, unasema hivyohivyo. Hiyo ndiyo hapana yetu ya adabu. Jotham, kijana aliyezaliwa ukingoni, aliisikia hapana. Akasema, "Sawa," akaaga vizuri, akapanda gari.

Maji yakashuka, na Valary akangoja wazee. Maji yakapanda tena, yakashuka tena. Yeye alidhani Jotham amebadili nia, na Jotham alijua amekataliwa, na kila mmoja akakaa kwao akimstahi mwenzake. Heshima nayo ikizidi ni ugonjwa.

Sasa ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimekolea, na Jotham akaandika kundini: "Ndugu zangu, mwisho wa mwezi nakabidhi kipimo. Naenda Madogo kwa mjomba, kwenye malori. Atakayewatumia namba ni Kombe." Watu wakamshukuru na kumwombea. Valary akaandika "Kila la heri", akaifuta, akaiandika tena, akaituma. Kisha akaiweka simu kifudifudi. Hizo namba kavu alizokuwa akizilalamikia moyoni, kumbe ndizo zilizokuwa zikimwamsha. Sasa hata hizo zilikuwa zinaondoka.

Kesho yake asubuhi namba ilikuwa 4.10. Valary akaiingiza, akachora, akaona nukta imekaa upande wa "Asije". Akabaki anaitazama.

"Valary, grafu!" Zachary, msimamizi wa ofisi, aliita kutoka chumba cha pili. "Chifu amenipigia mara mbili!"

"Naituma, mzee!"

Akatia alama ya reli kwa haraka, akachora upya, akatuma bila kuangalia, akaenda kuinjika chai. Ajali yenyewe ilikuwa hiyo tu. Mistari miwili ya mihimili ilifuatana, na alama ameitia kwenye mstari usio wake. Aliounyamazisha ni mhimili wa mita. Wa upande wa nne ukaenda nao mpaka Kipini.

Aliporudi na kikombe, simu ilikuwa inatetemeka mezani. Akafungua. Kushoto kwa grafu kulikuwa kweupe, na kulia maneno yake yamesimama wima mbele ya machifu wote. Chai ikammwagikia mkononi.

Wa kwanza kujibu alikuwa Guyo, mfugaji mpenda utani. "Leo mita imeenda wapi? Hii nasema avue viatu. Sasa ng'ombe yangu navua kitu gani?" Watu wakacheka. Mkulima mmoja akasema hii afadhali, mita humchanganya. Huenda mambo yangeishia hapo, yakaonekana ni mtindo mpya wa ofisi, kama si Ummi, muuza samaki wa Kipini, mama ambaye lugha aliinyonya ziwani. Ummi alituma sauti.

"Mwanangu Valary, grafu yako leo tamu. Lakini nina swali, mwanangu. Kama watuambia sisi sote, si ungeandika 'mje'? Hapa umeandika 'aje'. Huyu ni mmoja. Yuwaja, haji, avue viatu, ni nani huyu?"

Herufi moja tu. Angeandika "mje", dunia nzima isingejua. Kundi zima likangoja kama watu wanaongoja kitu kitamu.

Zachary alisimama mlangoni, simu mkononi. Alikuwa mtu mpole, na aliona aibu pengine kumzidi Valary. "Binti yangu," alisema, "tuma grafu yenye mita kwanza. Watu wana mashamba. Hayo mengine utaangalia mwenyewe."

Valary akarekebisha, akatuma iliyo sahihi. Kisha akaanza kuandika: "Samahani, mhimili wa kulia ulikuwa kosa." Kidole kikafika kwenye kitufe cha kutuma, kikagoma. Alilitazama neno "kosa". Jotham angelisoma neno hilo huko Nanighi, na angelielewa kama alivyoelewa lile la darajani, kwa adabu zake zote, kisha angefunga mkoba aende Madogo. Valary hakutaka kusema hapana kwa mara ya pili kwa kukosa tu ujasiri wa kusema ndiyo.

Akafuta, akaandika upya, akimjibu Ummi mbele ya watu wote: "Ni mmoja, mama, na anajijua. Mwaka juzi nilimwambia angoje maji yashuke. Sikumkataa. Maji yalikuwa mengi kweli."

Akatuma kabla hajajionea huruma.

Ummi akajibu kwa vigelegele. Guyo akasema ng'ombe wake wamesikia. Kutoka Nanighi hakukutoka neno. Alama zilionyesha Jotham amesoma. Valary alikula chakula cha mchana bila kujua amekula nini, na jioni akamsaidia mama yake kuanua nguo, na kila simu ilipolia ilikuwa mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata namba ilichelewa. Ilipokuja, haikutoka kwa Jotham.

"3.74," aliandika Kombe. "Kuanzia leo mtanisikia mimi. Jotham ameondoka alfajiri na mkoba wake."

Mwisho wa mwezi ulikuwa bado. Basi ameharakisha, Valary aliwaza. Amesoma yale maneno, yamemwelemea, ameona heri malori. Hakulia, kwa sababu Zachary alikuwa chumba cha pili na machifu walikuwa wakingoja. Akaiingiza namba ya Kombe, akachora. Chini siku, kushoto mita. Upande wa nne akauacha uchoreke kwa mazoea tu, mara hii ya mwisho. Mto ulikuwa umeshuka. Nukta ilikaa mkabala na "Avue viatu".

Akaanza kuandika alama ya reli mahali pake, safari hii taratibu, akihakikisha mstari ndio wenyewe. Simu ikatetemeka. Alidhani ni chifu.

Alikuwa Jotham. Alikuwa amemwandikia yeye peke yake, si kundini.

"Nimeshavua. Umeamkaje?"