Binamu wa Kwenye Simu

Giaboksi ililiacha lori njiani, likavutwa hadi gereji ya mji ambao dereva wake alikuwa akiupita tu. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na uso wa msiba.

"Kipuri hakipo hapa, bosi. Mpaka kiagizwe."

Dereva akasubiri, akilala kwenye kabini, mpaka asubuhi moja alipotikisa kopo la dawa zake likalia karibu tupu.

Wenzake barabarani walimwita Simenti, maana hakuwa mtu wa kulainika. Tangu mke wake afariki alimeza dawa za kufubaza virusi kwa kujificha, akiruka siku alizokuwa na watu garini. Hata dada yake mkubwa, aliyemlea, hakujua. Muuguzi wa kliniki ya kwao ndiye aliyemwingiza kwenye kundi la simu la watu wanaoishi na VVU. Humo Simenti alikuwa bubu. Alisoma yote, akacheka vichekesho vyao peke yake, lakini kuandika, thubutu!

Siku hiyo hakuwa na pa kushika. Akaandika: "Nimekwama ugenini, dawa zinaisha. Nifanyeje?" Akataja mji na gereji, kisha akaifunika simu kifudifudi kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Pole zikamiminika. Halafu Bi Pasi, fundi cherehani aliyewachekesha kundini kila asubuhi, akaandika: "Huo ni mji wangu. Usitoke hapo."

Haukupita muda, mwanamke mnene akaingia gereji, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Akaangaza macho, akapaza sauti: "Binamu! Unafika kwangu hata salamu hakuna?"

Mafundi wakageuka. Simenti akaidaka janja hiyo. "Nisamehe, binamu. Gari limeniumbua."

"Kinachokuumbua ni kulala kwenye lori na ndugu yako nipo. Twende!"

Hakuna aliyeuliza kitu.

Kwenye kliniki ya mji huo, mhudumu alitaka barua ya uhamisho. Bi Pasi hakugomba wala hakubembeleza. Alimpigia yule muuguzi wa kundini, akamkabidhi mhudumu simu, wakaelewana wenyewe kwa wenyewe. Simenti akatoka na dawa za kumfikisha kwao.

"Umesimamisha kazi kwa ajili yangu," akasema njiani, hajui aweke wapi mikono.

"Sketi ya mtu itasubiri. Mimi niliwahi kuacha dawa, nikabaki mifupa. Mtu wa kundi lile alinipigia kila siku kuuliza kama nimemeza, mpaka nikaona haya kumdanganya. Sijawahi kumwona kwa macho."

Akampeleka nyumbani kwake kula. Watoto wawili waliozaliwa wazima walikuwa wakigombea kiti. Mume wake, ambaye hana virusi, alimkumbusha kidonge chake huku akipakua, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Bi Pasi akameza mbele ya wote, akaendelea na umbea wa mtaani. Simenti akainamia sahani. Hakuwa amejua kwamba nyumba inaweza kuishi hivyo.

Lori lilipopona alirudi kwao, akaenda moja kwa moja kwa dada yake. Alimkuta akianua nguo, akamwambia yote. Dada akakalia beseni la nguo safi.

"Miaka yote hii! Ulidhani nitakufanya nini, nikuuze?"

Akalia, akamtukana, akamkumbatia, kwa mpangilio huo huo.

Tangu hapo Simenti hakuruka kidonge, awe na watu au peke yake. Kipimo kilichofuata kikaonyesha virusi havionekani tena kwenye damu yake. Akiwa kwa dada yake, akapiga simu kumpa Bi Pasi habari, lakini dada akamnyang'anya simu kabla hajafungua mdomo. Wanawake wale wawili wakaongea mpaka chaji ikaisha, na mwenye simu hakupata nafasi hata ya kusalimia.